Sindano ya juzi bado iko ndani ya damu

Katika milima ya Masisi, ng'ombe akiumwa, swali la kwanza ni dawa itapatikana wapi na kwa bei gani. Swali la pili huulizwa na wachache: dawa hiyo itakaa siku ngapi ndani ya mwili wa mnyama? Zamani, mifugo ilipokuwa inalala salama Mushaki, Kilolirwe au Ngungu, swali hilo liliachiwa mabwana mifugo. Leo limeingia katika kila nyumba. Familia inayokimbia na ng'ombe wake haichagui siku ya kuuza wala siku ya kuchinja. Vita ndivyo vinavyochagua.

Tangu mapigano yafike karibu na Sake mwanzoni mwa 2024, na hasa mwezi wa kwanza wa 2025, wakati Masisi-centre, Sake na kisha Goma zilipoingia mikononi mwa M23, watu wengi wamehama na mifugo yao, na wengine wamehama bila hata mkia mmoja. Walikale-centre nayo ilichukuliwa mwezi wa tatu 2025, wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Katika kuhama huko kote, ng'ombe, mbuzi na nguruwe waliuzwa njiani kwa bei ya haraka. Wengi wao walikuwa wamechomwa sindano siku chache kabla, kwa sababu mnyama anayetembea mbali, akinyeshewa mvua na kulala nje, huugua kikohozi, miguu na homa za kupe.

Nyama ya mnyama huyo huishia wapi? Katika sufuria ya mtu aliyehama kama mwenye mnyama mwenyewe, kwa maana nyama ya haraka ndiyo ya bei nafuu.

Kuna mzee mmoja anayelijua jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa veterineri katika mashamba ya Masisi, akitembea kwa miguu toka kilima hadi kilima na mfuko wa ngozi begani. Vita vya 1993 vilimkuta kijana, akaona makundi mazima ya ng'ombe yakimalizika. Vilivyofuata vilimkuta akiwa na watoto. Vya sasa vimemsukuma hadi upande wa Walikale, ambako familia moja ilimpa chumba. Vitu alivyookoa ni vichache: bomba la sindano la chuma, mkanda wa kupimia kifua cha ng'ombe, na daftari lenye jalada lililolowana.

Daftari hilo lina safu nne. Mnyama gani, dawa gani, kiasi gani, tarehe na saa. Vijana wa pale humcheka kidogo. Humuuliza faida ya kuandika saa ni nini, wakati ng'ombe mwenyewe hajulikani kama kesho atakuwepo.

Yeye huwajibu kwamba dawa ina saa yake, na saa hiyo haisimami watu wanapokimbia.

Maneno hayo si fumbo. Dawa ikichomwa kwenye msuli wa shingo, huanza kuingia katika damu kidogo kidogo. Hupanda hadi kileleni, kisha huanza kushuka, kwa sababu ini na figo zinafanya kazi ya kuiondoa. Tuseme dawa fulani hupungua nusu kila siku moja. Kama leo iko 8, kesho itakuwa 4, keshokutwa 2, siku ya nne 1, ya tano nusu. Inazidi kupungua, ila haiishi kwa mara moja. Kila dawa ina mwendo wake. Penisilini ya kawaida huenda haraka. Oksitetrasiklini ya asilimia 20, ile ya kukaa muda mrefu ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa chupa yake ya rangi ya kahawia, imetengenezwa makusudi ili itoke polepole mahali ilipochomwa na kubaki katika damu kwa nguvu ya kutibu kwa muda wa siku 3 hivi.

Mtu hawezi kuuona mwendo huo kwa macho. Ng'ombe aliyechomwa jana na ng'ombe ambaye hajachomwa kamwe wanaweza kusimama pamoja, wanakula majani yaleyale, manyoya yanang'aa sawa. Tofauti yao iko ndani ya damu, na damu husomwa katika maabara, yaani labo kama wengi wanavyosema.

Kazi yenyewe huanza kwa mambo ya kawaida. Mnyama hufungwa vizuri, mshipa mkubwa wa shingo hubanwa kwa kidole gumba mpaka uvimbe, na damu huvutwa kuingia katika kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande. Kwenye kichupa huandikwa namba ya mnyama na saa. Damu ya kwanza huchukuliwa kabla ya sindano, ili ijulikane mnyama alianza na nini. Kisha huchukuliwa tena baada ya saa 1, saa 2, saa 4, saa 8, siku 1, siku 2, siku 3, na kuendelea kadiri dawa inavyochelewa. Vichupa huwekwa kwenye baridi. Mashine huvizungusha kwa kasi mpaka chembe nyekundu zishuke chini na maji ya njano ya damu yabaki juu. Maji hayo ndiyo yanayopimwa. Kama hayapimwi siku hiyo, hugandishwa kama barafu.

Katika kupima kuna njia zaidi ya moja. Njia ya kromatografia hupitisha maji ya damu katika mrija mwembamba ambamo kila kitu hutoka kwa wakati wake, dawa ikajitenga na mengine, mashine ikahesabu kiasi chake. Njia ya ELISA hutumia kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo 96. Rangi hutokea ndani ya vishimo, na ukali wa rangi husema dawa iko nyingi au kidogo. Njia zote mbili hutoa namba, na namba hiyo huwekwa kwenye mchoro pamoja na saa iliyoandikwa kwenye kichupa. Bila saa, namba haina maana. Ndiyo sababu mzee anaandika saa hata pasipo na labo karibu.

Watu wa huku si wageni wa mambo ya vichupa na masanduku ya barafu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ugonjwa huo ulifika hata Pinga, katika teritwari ya Walikale, mwaka 2019. Watu waliona timu zikichukua damu na kuipeleka mbali kwa haraka. Kuna tofauti lakini. Kwa Ebola, damu huulizwa kama ugonjwa upo au haupo. Kwa dawa ya mifugo, damu huulizwa kiasi, na kiasi hicho kinabadilika kila saa.

Faida kubwa ya damu ni kwamba mnyama anabaki hai. Kujua dawa iliyobaki katika figo au ini, lazima mnyama achinjwe. Damu huweza kuchukuliwa leo, kesho na wiki ijayo kwa ng'ombe yuleyule, naye akaendelea kutoa maziwa. Ila damu haisemi yote. Dawa ikiwa imekwisha katika damu, huweza kuwa bado imebaki katika figo, ini na mahali palipochomwa sindano. Wachinjaji wenye uzoefu hupaona mahali hapo: nyama ina doa la njano au imekakamaa. Kwa hiyo wataalamu huanza na damu ili waujue mwendo, kisha hupima viungo vya wanyama waliochinjwa kwa siku tofauti, mpaka wapate siku ambayo nyama yote iko salama. Huongeza siku za tahadhari. Hesabu hiyo yote, damu nyingi na vichupa vingi, mwishowe huandikwa kwa maneno mawili au matatu kwenye karatasi ya chupa.

Kwenye chupa za Kifaransa huandikwa « temps d'attente » au « délai d'attente », viande siku kadhaa, lait siku kadhaa. Kiswahili chake ni siku za kusubiri. Kwa oksitetrasiklini ya asilimia 20, chupa nyingi huandika siku 28 kwa nyama na siku 7 kwa maziwa. Nyingine hutofautiana kidogo, na anayeaminiwa ni chupa iliyo mkononi, si ile ya jirani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Dawa inatibu siku 3 hivi, basi mfugaji anadhani siku ya 4 imekwisha. Imeacha kutibu, lakini haijaondoka. Kati ya siku ya 4 na siku ya 28 mnyama anaonekana mzima, anakula, anacheua, na dawa bado inatoka taratibu katika viungo vyake.

Mtu atauliza, kiasi hicho kidogo kina ubaya gani? Hesabu ifuatayo inasaidia. Dozi ya dawa hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 30, na ndani yake mna gramu 6 za oksitetrasiklini. Tume ya Codex, iliyoundwa na FAO na WHO kupanga viwango vya chakula duniani, imeweka mpaka wa mikrogramu 100 kwa lita moja ya maziwa. Hiyo ni sawa na gramu 1 katika lita 10 000. Kwa nyama ya kawaida mpaka ni mikrogramu 200 kwa kilo, kwa ini 600, kwa figo 1 200. Sasa mtu aziweke gramu 6 za ng'ombe mmoja kando ya gramu 1 katika lita 10 000. Ataelewa kwa nini maziwa ya ng'ombe mmoja aliyechomwa yakimiminwa kwenye bidoni kubwa yanaweza kuharibu maziwa ya jirani zake wote.

Kikombe kimoja cha maziwa hayo hakimwangushi mtu. Ukweli huo usifichwe, maana watu wakitishwa bure huacha kusikiliza. Lakini yuko mtu ambaye mwili wake unaikataa penisilini, naye kwa kiasi kidogo huweza kuvimba na kuwashwa. Na kuna jambo kubwa zaidi, la wote. Vijidudu vinavyokutana kila siku na dawa kidogo, isiyotosha kuviua, hujifunza kuishi nayo. Kisha mtoto anapelekwa kituo cha afya na homa ya mapafu au kuhara damu, anapewa dawa, na dawa haifanyi kitu. Katika maeneo ambako dawa za pili na za tatu hazipatikani, usugu huo ni hatari kuliko mahali penye hospitali kubwa. Kuchemsha maziwa ni lazima kwa sababu ya magonjwa mengine, lakini kuchemsha hakuondoi dawa yote.

Wanawake wanaotengeneza mashanza, na watu wa fromaji ya Masisi, huligundua tatizo hili kabla ya mtaalamu. Maziwa yenye antibiotiki hukataa kuchacha vizuri, kwa sababu vijidudu vizuri vinavyochachisha vinakufa. Fromaji inachelewa kupata uchachu wake, inavimba au inaharibika. Sababu nyingine zipo, kama baridi na vyombo vichafu, ndiyo maana haifai kumlaumu mtu papo hapo. Lakini mama akiona maziwa ya nyumba moja yanakataa mara mbili, tatu, ana haki ya kuuliza: ng'ombe wenu amechomwa lini?

Damu hujibu swali lingine pia, ambalo wafugaji huliuliza kwa hasira: kwa nini ng'ombe amechomwa na hajapona? Kesi nzuri ya kujifunza ilitokea Kenya. Kuna ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o, na kuna dawa ya isometamidiamu, inayouzwa pia kwa jina la Samorin, ambayo humkinga ng'ombe kwa wiki nyingi. Wafugaji wa nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wakilalamika kwamba kinga haifiki muda wake. Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa nagana ya KETRI huko Muguga na wa ILRI huko Nairobi, walitumia kipimo cha ELISA kutafuta dawa hiyo katika damu ya ng'ombe. FAO na shirika la nguvu za atomiki la IAEA lililoko Vienna yaliunga mkono kueneza kipimo hicho katika nchi za Afrika.

Kipimo hicho kinaona kiasi kidogo sana, chini hata ya sehemu moja katika bilioni. Na fikra iliyo nyuma yake inaeleweka na mtu yeyote. Kama ng'ombe ana vijidudu vya nagana, na damu yake haina dawa, basi lawama iko kwa sindano: dozi ilikuwa ndogo, dawa ilikuwa mbovu, au siku zake zilikwisha. Kama ana vijidudu na damu ina dawa ya kutosha, basi vijidudu vimekuwa sugu, na kuongeza dawa ileile ni kutupa pesa. Mlalamiko ni mmoja, majibu ni mawili, na bila damu hakuna wa kuyatenganisha.

Masisi juu kuna baridi, na mateso ya ng'ombe wa huko ni kupe zaidi kuliko mbung'o. Ugonjwa wa theileria, ambao wanaosema Kinyarwanda huuita ikibagarira, unaua ndama wengi. Lakini swali ni lilelile. Mfugaji anasema dawa ya soko ni ya bandia. Muuzaji anasema mfugaji amechoma kidogo. Mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli. Chupa ya mililita 100 ya oksitetrasiklini inatosha ng'ombe watatu wa kilo 300, na inabaki kidogo. Mwenye ng'ombe kumi na chupa moja, akiwa njiani, huwagawia wote kumi. Kila mmoja anapata theluthi ya dozi yake. Kwa macho, wote kumi wametibiwa. Kwa damu, hakuna hata mmoja aliyefikia kiwango cha kutibu, na wote kumi sasa wana dawa ndani, kwa hiyo wote kumi wana siku za kusubiri. Mfugaji amepoteza mara mbili.

Hilo mzee hulirudia sana kwa vijana: heri kuwatibu watatu kikamilifu kuliko kuwaonjesha kumi. Ni neno gumu kwa mwenye ng'ombe kumi wanaokohoa.

Upande wa Walikale, penye misitu na njia za matope kati ya Mpofi, Mubi na Hombo, ng'ombe ni wachache. Mali ya nyumbani ni mbuzi, nguruwe na kuku. Huko pia damu imefundisha kitu. Kwa muda mrefu mbuzi alipewa dawa ya minyoo kwa dozi ya kondoo, kwa sababu wanafanana kimo. Wataalamu walipopima damu walikuta kwamba mwili wa mbuzi huondoa dawa kama albendazoli haraka kuliko wa kondoo, dawa haikai vya kutosha, na minyoo hubaki. Ndiyo sababu wataalamu wengi leo hushauri mbuzi apewe albendazoli mara 1 na nusu hadi mara 2 ya dozi ya kondoo. Haihusu dawa zote: levamisoli ikizidishwa huwa sumu upesi. Na albendazoli haipewi mbuzi mwenye mimba changa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, mtu amwulize bwana mifugo.

Elimu hii yote ni rahisi kuisema kwenye mafunzo. Njiani ni kitu kingine. Siku moja, karibu na Kibua, mama mmoja aliyetoka milima ya Masisi alimfuata yule mzee akiwa na mnunuzi nyuma yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja na mbuzi wawili. Ng'ombe alikuwa amechomwa oksitetrasiklini siku tano kabla, kwa sababu ya kikohozi. Mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa na malaria. Mnunuzi alikuwa mchinjaji, pesa alikuwa nazo mkononi.

« Papa, anakula vizuri sasa, » mama akasema. « Niambie tu kwamba amepona. »

« Amepona, mama. Chupa unayo? »

Alikuwa nayo, amefunga katika pembe ya kitenge. Mzee akaisogeza kwenye mwanga, akasoma, akahesabu kwa vidole. Siku 28 kutoa 5. Zinabaki 23.

« Siku makumi mbili na tatu! Papa, mtoto atakaa wapi siku hizo zote? »

Mchinjaji akacheka, akasema watu wanakufa kwa risasi na njaa, nani aliwahi kufa kwa sindano ya ng'ombe. Mzee hakuwa na labo ya kumwonyesha. Hakuwa na karatasi ya serikali wala uwezo wa kumkataza mtu. Alikuwa na namba ya chupa na daftari. Akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza kuhusu mbuzi, kama walichomwa kitu chochote. Hawakuchomwa.

« Uza mbuzi kwanza, » akasema. « Ng'ombe abaki. »

Ushauri huo ulikuwa na bei. Mbuzi mmoja alilipa kituo cha afya, hakulipa nyumba. Mama na watoto walilala wiki tatu na zaidi kwenye baraza ya kanisa, ng'ombe amefungwa karibu, kitambaa chekundu kwenye pembe ili kila mtu ajue huyo ana dawa. Kila usiku ng'ombe angeweza kuibwa au kuchukuliwa na watu wenye silaha, na kama angechukuliwa, lawama ingemfuata mzee mpaka kaburini. Alijua hivyo, akawa anakwenda kumwangalia kila asubuhi. Mchinjaji, siku ileile, alipata ng'ombe mwingine kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza huyo alichomwa lini, na nyama yake iliuzwa kabla ya jua kuzama.

Ng'ombe wa mama aliuzwa wiki ya tano. Bei ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa sababu alikuwa amenenepa kidogo.

Hadithi hiyo haimaanishi kwamba kila anayeuza kabla ya siku ni mtu mbaya. Mwenye njaa anayechinja mnyama wake ili watoto wasilale bure asihukumiwe na aliyeshiba. Lakini mara nyingi lipo la kuchagua, hata dogo. Mambo ambayo familia inaweza kufanya bila labo ni haya.

Chupa isitupwe mpaka siku zake zimekwisha, maana namba iko pale. Kama haina karatasi, au maandishi yamefutika, au tarehe ya mwisho imepita, hiyo si ya kununua.

Tarehe ya sindano iandikwe mahali fulani: kwenye daftari, kwenye simu, hata kwa mkaa ukutani. Mnyama afungwe kitambaa kwenye pembe au shingo, na watoto wafundishwe maana yake.

Uzito ukadiriwe kwa mkanda wa kifua, si kwa jicho. Jicho la mtu mwenye dawa kidogo humwona ng'ombe mdogo.

Aliyechomwa akamuliwe mwisho, chombo chake peke yake, na maziwa yake yasichanganywe na ya kuuza mpaka siku za maziwa zipite. Kama mnyama ni wa maziwa, mwenye duka la dawa aulizwe dawa yenye siku chache kwa maziwa. Ivermektini nyingi za sindano hazifai kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya watu.

Katika kuuza, asiyechomwa atangulie. Na kama aliyechomwa lazima auzwe akiwa hai, karatasi ndogo yenye jina la dawa na tarehe impelekee mnunuzi. Karatasi hiyo ina kazi kubwa sasa, wakati familia zilizotoka kambi za Bulengo, Rusayo na Lushagala zimerudi vijijini na kuanza kununua mbuzi na ndama upya. Ananunuliwa mnyama asiyejulikana alikotoka, na jambo la kwanza mwenye mnyama mpya hufanya ni kumchoma sindano nyingine juu ya ile ya jana.

Akichinjwa kwa lazima kabla ya siku, ini, figo na nyama ya mahali palipochomwa zisiliwe. Zifukiwe, mbwa wasifikie. Hilo halifanyi nyama iliyobaki kuwa safi kabisa, linapunguza tu mzigo.

Upande wa viongozi na mashirika, kuna jambo moja la kuanzia ambalo halihitaji mashine kubwa. Vipo vipimo vidogo vya maziwa: tone la maziwa linawekwa ndani ya kichupa chenye vijidudu vinavyokufa kwa antibiotiki, kinapashwa moto wa nyuzi 64 kwa saa kama 3, na rangi inageuka. Ikitoka zambarau kwenda njano, maziwa hayana antibiotiki ya kuzidi. Ikibaki zambarau, yana kitu. Kipimo kama hicho kikiwekwa mahali maziwa yanapokusanywa kwenye njia ya Masisi kwenda Sake, watengenezaji wa fromaji na mama wa mashanza watajua asubuhi ileile bidoni ipi ya kuweka kando. Damu ya mifugo yenyewe itahitaji baridi na barabara inayopitika mpaka kwenye labo, na hilo litangoja amani.

Kwa sasa yule mzee anaendelea na daftari lake. Karibuni ameanza kuwapa vijana wawili kazi ya kuandika, kwa sababu macho yake yamechoka. Mmoja aliuliza kama aandike pia mbuzi wa watu wasiolipa. Mzee akamwambia waandikwe wote, na asisahau saa.